Haki ya Kukaa Kivulini: Nairobi na Historia ya Mapumziko

Wiki chache baada ya maandamano ya Juni 2024, mwanafunzi mmoja alinisubiri nje ya ukumbi wa mihadhara. Alinieleza kwamba Jumamosi iliyotangulia yeye na wenzake wawili walikwenda katika Msitu wa Karura, wakatembea hadi kwenye maporomoko ya maji, wakala chapati walizobeba kutoka nyumbani, na wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tarehe 25 Juni. Jioni mwenzao mmoja katika harakati aliiona picha yao akawaandikia maneno makali: kuna waliozikwa, kuna waliolazwa hospitalini, kuna wasiojulikana waliko, nao wanatembea msituni kama watalii. "Mwalimu," akaniuliza, "kupumzika wakati kama huu ni usaliti?"

Nilimjibu kwa haraka, kama tujibuvyo sote tunapokuwa na darasa jingine dakika tano zijazo. Nilimwambia kwamba mwili una haki yake. Jibu hilo si la uongo, lakini ni jibu ambalo angeweza kulipata kwa daktari au kwa nyanya yake. Alikuwa amemuuliza mwanahistoria, na mwanahistoria hakumpa kitu. Makala haya ni deni ninalolilipa.

Hoja yangu ni hii: katika jiji la Nairobi, mahali pa kupumzikia hapajawahi kuwa nje ya siasa. Kila benchi, kila kivuli na kila kipande cha nyasi ambapo mwananchi anaweza kujilaza bila kuulizwa anatafuta nini pana watu waliopapigania, na baadhi yao walimwaga damu. Anayepumzika hapo anaitumia haki ambayo wengine waliilipia. Swali la mwanafunzi wangu, basi, lina historia ndefu kuliko alivyodhani.

Mji uliojengwa kwa ajili ya kazi

Reli ya Uganda ilifika mwaka 1899 mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Wafugaji walipajua kwa maji yake. Wahandisi wa reli walipapenda kwa sababu nyingine: palikuwa uwanda tambarare wa kujengea karakana na kupangia mabehewa kabla ya kuanza kazi ngumu ya kuvuka Bonde la Ufa. Mji ukazaliwa kutokana na mahitaji ya reli, na mwaka 1905 ukachukua nafasi ya Mombasa kama makao makuu ya utawala wa Waingereza.

Bustani zake za kwanza zilikuja mapema. Mwaka 1906 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyepata utajiri wake kwa kuihudumia reli, aliwapa wakazi wa mji bustani iliyo katikati ya mji hadi leo na inayobeba jina lake. Mwaka uliofuata ilianzishwa Arboretum, ile bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu. Wengi wetu huiona kama zawadi ya uzuri, lakini ilianzishwa kwa hesabu ya kiuchumi: treni zilikuwa zikila kuni, na serikali ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka kuzilisha. Kivuli tunachokifurahia leo kilikuwa tokeo la ziada la jaribio la kuni.

Swali la nani angekaa katika vivuli hivyo lilijibiwa na mipango miji. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya W. J. Simpson alipendekeza mji ugawanywe kwa misingi ya rangi, na ingawa ugawaji ulikuwa umeshaanza kabla yake, ushauri huo uliupa vazi la sayansi. Wazungu walikaa nyanda za magharibi, kwenye mwinuko, hewa safi na misitu. Waasia wakapata Parklands, Ngara na sehemu za biashara. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaoshika maji wakati wa masika. Ramani hiyo tunaijua sote, kwa sababu bado tunaishi ndani yake. Mtu anayetoka Dandora kwenda Karura leo anaivuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Zaidi ya ramani kulikuwa na sheria. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpitaji mjini: aje afanye kazi, mkataba uishe, arudi rizavu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, iliyowekwa katika kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Sheria za uzururaji nazo zilimwezesha askari kumkamata mtu asiye na kazi wala njia inayoonekana ya kujikimu. Kwa maneno mengine, kukaa tu kulihitaji maelezo. Mzungu aliyeketi chini ya mti saa nne asubuhi alikuwa katika burudani, na Mwafrika aliyeketi chini ya mti huohuo alikuwa mzururaji.

Tusidhani kwamba mambo hayo yaliondoka na bendera ya Uingereza mwaka 1963. Sheria ya uzururaji ilibaki katika vitabu vya Jamhuri na haikufutwa hadi mwaka 1997, pamoja na sheria nyingine za kikoloni zilizoondolewa katika mapatano ya marekebisho kati ya vyama vya siasa kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Kwa zaidi ya miaka 30 ya uhuru, Mkenya maskini aliyekaa bila shughuli katika mji wake mwenyewe alikuwa mshukiwa kisheria.

Starehe iliyolipiwa kwa bia

Hata hivyo watu hawakungoja ruhusa. Katika Pangani ya kale, na baadaye Pumwani iliyoanzishwa miaka ya 1920, wakazi walijitengenezea mapumziko yao: ngoma za beni zilizotoka Pwani, mpira wa miguu, vibanda vya chai, mazungumzo ya barazani jioni. Wanahistoria wa mji wamezoea kuyapitia mambo haya haraka, kana kwamba ni mapambo ya historia ya kweli ya vyama na migomo. Lakini mtu anayefanya kazi kwa mshahara wa mtu mmoja asiye na familia, anayelala chumba kimoja na wenzake wengi, anapovaa sare ya beni Jumapili na kuitwa kwa cheo na watu wake, anafanya jambo zito. Anajirudishia heshima iliyochukuliwa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Serikali ya mji iliona hayo na ikataka kuyashika. Ilijitwalia haki ya pekee ya kuuza pombe ya kienyeji katika kilabu chake, na wanawake waliopika pombe majumbani wakakamatwa na kutozwa faini. Faida ya mauzo iliingia katika mfuko wa kugharimia huduma za Waafrika. Utaratibu huo, ulioigwa kutoka Durban huko Afrika Kusini, una kejeli ya kutosha: Mwafrika alilipia kumbi na huduma zake mwenyewe kwa kunywa, huku kodi zake nyingine zikitengeneza barabara za upande wa pili wa mji.

Kumbi zenyewe, kama ule wa kumbukumbu wa Pumwani na baadaye wa Kaloleni, zilikusudiwa kuwa mahali pa kupoza hasira. Maofisa wa ustawi wa jamii walileta sinema, mafunzo ya ushonaji, na ndondi. Waliamini kwamba mtu aliyeburudika hataasi. Historia iliwakosoa. Katika miaka ya 1950, baada ya Operesheni Anvil ya tarehe 24 Aprili 1954 kuzingira mji na kuwapeleka maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru vizuizini, na mikutano ya siasa ilipoanza kuruhusiwa tena kidogokidogo, kumbi za Eastlands zilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo siasa ilipumua. Watu waliokuwa wamejifunza kukaa pamoja kwa ajili ya ngoma walijua pia kukaa pamoja kwa ajili ya uhuru. Hapo ndipo ninapoanza kumjibu yule mwenzao aliyeandika maneno makali: mahali pa kupumzika na mahali pa kupanga mapambano, katika mji huu, mara nyingi pamekuwa mahali pamoja.

Bustani ya Uhuru na jengo la ghorofa 60

Tarehe 23 Mei 1969 Rais Jomo Kenyatta alifungua Bustani ya Uhuru, ekari zipatazo 30 kando ya barabara kuu inayoutenga mtaa wa maofisi na kilima. Mwaka huo haukuwa wa raha. Majuma sita baadaye, tarehe 5 Julai, Tom Mboya aliuawa kwa risasi mchana kweupe katikati ya mji. Oktoba yalifuata mauaji ya Kisumu, na chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Bustani iliyobeba jina la uhuru ilifunguliwa wakati uhuru wa kusema ulikuwa ukifungwa.

Watu, hata hivyo, waliipa maana yao. Jumapili familia za Eastlands zilikuja na watoto waliovaa nguo za kanisani, wakapanda mashua kwenye ziwa dogo, wakapigwa picha na wapiga picha wa kulipwa, wakanunua njugu karanga. Wahubiri walihubiri. Siku za kazi, saa saba mchana, tarishi na karani walijilaza kwenye nyasi, gazeti likiwa limefunika uso. Wakazi wa Nairobi wana msemo wa huzuni na ucheshi kwa jambo hilo: mtu asiye na pesa za chakula cha mchana huambiwa amekwenda kula hewa. Bustani ilikuwa ndiyo hoteli yake. Hapo aliificha njaa yake bila kudharauliwa, akapata saa moja ya kutokuwa chini ya macho ya mkubwa wake, kisha akarudi kazini.

Hiyo ndiyo saa moja iliyotaka kuchukuliwa mwaka 1989. Chama tawala cha KANU, kilichokuwa chama pekee kilichoruhusiwa kisheria, kilipanga kujenga ndani ya bustani jengo la ghorofa 60 ambalo lingekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti lake la Kenya Times, maduka, kumbi na maegesho ya magari 2,000. Sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa sehemu ya mpango. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 200, na sehemu kubwa ingekuwa mkopo kutoka nje.

Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, aliandika barua. Aliandika kwa wenye gazeti, kwa Ofisi ya Rais, kwa Tume ya Jiji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kwa Balozi wa Uingereza, akiuliza kama mradi wa namna hiyo ungekubaliwa katika Hyde Park jijini London. Hoja yake ilikuwa wazi hata kwa mtoto: jiji lililokuwa likijaa watu halikuwa na mahali pengine katikati ambapo maskini angeweza kukaa bure.

Majibu aliyopata yanafaa kusomwa na kila anayedhani kwamba mapumziko ni jambo dogo. Novemba 1989 wabunge walitumia muda wa Bunge kumkejeli kwa sababu ndoa yake ilikuwa imevunjika na kulitukana shirika lake. Alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Desemba mahakama ikaitupilia mbali kesi yake kwa sababu hakuwa na haki ya kisheria ya kushtaki: hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko watu wengine. Siku ya Jamhuri, ndani ya bustani ileile, Rais alisema kwamba wanaopinga wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake likafukuzwa kutoka ofisi za serikali kwa notisi ya saa 24, likahamia nyumbani kwake.

Tulitafakari lile amri la mahakama. Bustani ni ya watu wote, kwa hiyo hakuna mtu mmoja aliyedhurika, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Kwa mantiki hiyo, kilicho cha wote ni rahisi kuibwa kuliko kilicho cha mmoja. Mantiki hiyo ndiyo iliyomeza viwanja vya michezo, vyoo vya umma na mashamba ya shule katika miaka ya 1980 na 1990.

Lakini kelele zilisikika mbali. Wafadhili wa nje walisitasita, mradi ukapunguzwa, na mwezi Februari 1992 uzio uliokuwa umejengwa kuzunguka eneo la ujenzi uliondolewa. Tarehe 28 ya mwezi huohuo, bustani iliyookolewa ikapata kazi mpya.

Akina mama na mwaka wa kulala kanisani

Siku hiyo kundi la akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, waliweka kambi kwenye kona ya bustani ambayo tangu hapo huitwa Freedom Corner. Walitangaza kwamba hawatakula hadi wana wao 52 waachiliwe. Wangari alikuwa pamoja nao. Kwa siku chache watu wa Nairobi walikuja kwa mamia, na wakafanya jambo ambalo halikupangwa na yeyote: walianza kusimulia. Mtu baada ya mtu alisimama akaeleza alivyoteswa na vyombo vya dola, wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mahali ambapo karani alikuwa akija kujilaza saa saba mchana pakawa mahali ambapo taifa lilitua mzigo wake.

Tarehe 3 Machi polisi walivamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao mbele ya polisi, laana ya mwisho aliyo nayo mama katika mila nyingi za nchi hii. Baadaye walihamia Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache kutoka bustanini, na huko wakakaa takriban mwaka mzima, wakilala katika chumba kilicho chini ya kanisa. Mwaka 1993 wengi wa wana wao waliachiliwa.

Ninaposimulia tukio hili darasani, wanafunzi hukumbuka marungu. Mimi huwaomba wakumbuke ule mwaka. Mgomo wa siku nne unahitaji ujasiri. Mwaka mmoja unahitaji mpangilio: nani analala wapi, nani analeta uji kwa waliodhoofika, nani anarudi nyumbani kuangalia shamba na wajukuu kisha anarudi. Wazee wale hawangedumu kwa hasira peke yake. Walidumu kwa sababu walikuwa na paa, mwenyeji, nyimbo, maombi na usingizi. Harakati ambayo haikujipangia mapumziko ingemalizika mwezi Machi.

Jeevanjee na Karura

Bustani ya Uhuru haikuwa peke yake. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kuigeuza Bustani ya Jeevanjee kuwa jengo la maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa mtoaji wa bustani, aliongoza upinzani, akakusanya wananchi, na mpango ukafa. Katika miaka iliyofuata vivuli vya Jeevanjee vikawa makao ya Bunge la Mwananchi, baraza lisilo na kiti cha spika wala marupurupu, ambamo mtu asiye na kazi hujadili bajeti ya taifa na mchuuzi, kila mmoja akisubiri zamu yake. Wengi wao walikuja kwanza kukaa tu, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda mchana. Mazungumzo yalifuata.

Kisha Karura. Msitu huo wa hekta zipatazo 1,000, ambao wapiganaji wa Mau Mau waliwahi kujificha katika mapango yake, uligunduliwa mwaka 1998 kuwa umeanza kugawiwa wajenzi wa kibinafsi kisirisiri. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari na wenzake walipokwenda kupanda miti walishambuliwa na genge la watu wenye silaha mbele ya waandishi wa habari, naye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu jijini waliingia barabarani mwishoni mwa mwezi huo na makabiliano na polisi yakadumu kwa siku kadhaa. Mwezi Agosti Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu alipokula chapati yake karibu na maporomoko ya maji, alikula juu ya ardhi iliyotetewa na wanafunzi wa miaka 25 kabla yake. Kama si wao, angekuta lango, askari wa kampuni binafsi na orodha ya majina ya wenye nyumba. Hakulijua hilo. Kosa ni letu sisi walimu wake.

Mambo hayakuishia kwa ushindi. Karura iliokolewa na wanyakuzi lakini kwa miaka mingi ikabaki msitu wa hofu, mahali pa majambazi. Kuanzia mwaka 2009 jumuiya ya wakazi wa jirani, ikishirikiana na Huduma ya Misitu, ilichangisha fedha za uzio wa umeme, njia zikasafishwa, na vijana wa mitaa maskini ya karibu wakaajiriwa kama walinzi. Leo mwanamke anaweza kukimbia humo peke yake asubuhi, jambo ambalo ni uhuru mkubwa kuliko wanaume wengi wanavyotambua. Lakini lango lina ada. Kwa mwenye gari ada hiyo ni chenji. Kwa mama wa Mathare mwenye watoto watatu, ukiongeza nauli, ni chakula cha siku. Uzio uliomzuia jambazi unamzuia pia yeye, na ramani ya mwaka 1913 inapata mlinzi mpya asiyejua kwamba anailinda.

Bustani ya Uhuru nayo ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, ikabaki nyuma ya mabati kwa muda mrefu kuliko ulioahidiwa. Ilifungwa wakati mbaya. Mwaka 2020, kafyu ya usiku na marufuku ya kutoka na kuingia Nairobi wakati wa korona zilikuwa zimewafundisha wakazi kwamba mtu aliyefungiwa katika chumba cha mabati hana pa kutolea pumzi isipokuwa mahali pa wazi pa umma. Somo lilikuwa bichi, na mlango ukafungwa.

Jibu ninalodaiwa

Mfungo wa Freedom Corner ulikuwa umekwisha kuzaa matunda mengine kabla ya hapo. Tarehe 27 Agosti 2010, katika Bustani ya Uhuru, Katiba mpya ilizinduliwa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema kwamba anayeshtaki kwa ajili ya haki hiyo hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Msomaji ataona kwamba hilo ni jibu, neno kwa neno, kwa hukumu ya Desemba 1989. Ilichukua takriban miaka 21, na jibu lilitolewa juu ya nyasi zilezile zilizobishaniwa.

Na tarehe 7 Julai 2024, Saba Saba, siku 12 baada ya vijana kupigwa risasi, maelfu walikusanyika katika bustani hiyohiyo kwa tamasha la muziki la kuwakumbuka waliouawa. Walicheza na kulia, mara nyingine kwa wimbo mmoja. Wapo waliosema kwamba kucheza ni kuwakosea marehemu heshima. Nadhani akina mama wa mwaka 1992, walioimba usiku na mchana wakiwa na njaa, wangewaelewa vijana wale bila kuelezwa.

Basi, kwa mwanafunzi wangu: hapana, si usaliti. Utawala wa kikoloni ulitaka Mwafrika awe mkono wa kazi usiokaa chini. Utawala wa chama kimoja ulitaka bustani iwe jengo na mwanamke anyamaze. Wote wawili walijua kwamba watu wanaopata mahali pa kukaa pamoja, wakapumua, wakatazamana usoni, huanza kuzungumza. Ukienda Karura tena, nenda na yule mwenzako aliyekukemea. Yeye ndiye aliyechoka zaidi.

Kwa wanaharakati: wekeni mapumziko katika kumbukumbu za mikutano yenu kama mnavyoweka bajeti na mawakili. Pangeni zamu. Mtu akisema amechoka, msimwulize kama bado ana msimamo.

Na kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, ambao najua ni wengi: siku moja litafika mezani kwako faili la bustani, lenye maneno mazuri kama ukarabati, uwekezaji na ada nafuu. Kabla ya kutia sahihi, jiulize swali moja. Tarishi wa ofisi yako mwenyewe, yule asiyekula mchana tangu tarehe 20 ya mwezi, ataweza kuingia humo saa saba, ajilaze kivulini bila kulipa na bila kuulizwa anatafuta nini? Kama hawezi, lirudishe faili lilikotoka.